Utangulizi wa Pandikizolojia: Muhadhara kuhusu Vipuri Vigeni katika Saa za Kale

Keti, mwanafunzi. Zima simu. Kama umevaa saa ya betri, ivue uitie mfukoni. Wewe haikusumbui, lakini mimi naisikia.

Leo tunaingia katika Pandikizolojia, taaluma inayochunguza vipuri ambavyo havikuzaliwa pamoja na saa vilimokutwa. Wapo watu, na baadhi yao wana shahada, wanaodhani matatizo makuu ya binadamu ni maradhi, njaa na vita. Sibishani nao. Nasema tu kwamba hayo matatu kila moja lina wizara yake, ilhali nukta iliyohama nusu milimita kwenye pete ya saa ya mwaka 1967 haina hata kamati ndogo.

1. Fasili

Asiye na fasili ni mchuuzi. Andika.

1.1 Kronografu ni saa ya mkono inayoonyesha majira kama saa nyingine na, ukibonyeza kitufe, hupima muda wa tukio kama stopwochi. Ubavuni ina vitufe viwili, katikati yake kifundo cha kutilia ufunguo, na usoni visaa vidogo viwili au vitatu.

1.2 Kipuri-asilia ni kipande kilichotoka kiwandani ndani ya saa hiyohiyo na hakijawahi kuondoka.

1.3 Pandikizi ni kipande chochote kilichoingia baadaye, kwa nia njema au mbaya. Nia haimo katika fasili. Nia ni kazi ya mahakimu.

1.4 Upatanisho ni hali ya vipande vyote vya saa moja kukubaliana kwa umri, kwa chanzo na kwa rangi. Wewe uliyefundishwa sarufi ya Kiswahili huna udhuru wa kushindwa hapa. Mtu akisema "kitabu mzuri" darasa zima hugeuka. Basi mshale wa mwaka 1957 juu ya uso wa mwaka 1964 ni "kitabu mzuri", na tofauti ni moja tu: kosa la kwanza husahihishwa na mwalimu bure, la pili linaweza kukugharimu kiwanja.

Kwa sababu hiyo mapandikizi nimeyapanga kwa ngeli. Najua wapo wenzangu wanaoyapanga kwa thamani. Hao ni madalali.

Kielelezo chetu ni Omega Speedmaster, kronografu ya Uswisi iliyotoka mwaka 1957 ikilengwa kwa mbio za magari, ikaishia mwezini. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliiidhinisha tarehe 1 Machi 1965 kwa safari za wanaanga wake. Nimeichagua kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi, ilibadilishwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na ilipitia mikononi mwa mafundi wenye huruma. Hayo matatu yakikutana, Pandikizolojia haiepukiki.

2. Azimio la Mielekeo

Kabla hatujagusa chochote, lazima tukubaliane juu ya pande za uso. Vitabu vya Ulaya hukwambia kisaa cha sekunde kiko penye tisa. Mswahili anayehesabu saa tangu macheo anajua fika kwamba hapo ni saa tatu. Kuna kambi mbili: Wamagharibi, wanaosoma uso kwa tarakimu za Uswisi, na Wamacheo, wanaousoma kwa jua. Mjadala huu umewatenganisha watu waliokuwa wakipeana salamu.

Nimeuchunguza uso wenyewe kutafuta hukumu. Speedmaster, nje ya visaa vyake vidogo, haina tarakimu hata moja ya saa. Ina mistari mitupu. Haijasema kokote kwamba pale juu ni kumi na mbili. Uswisi imenyamaza, na aliyenyamaza amekubali. Kwa hiyo katika muhadhara huu kisaa cha sekunde kiko penye saa tatu, cha dakika 30 kiko penye saa tisa, na cha saa 12 kiko chini, penye saa kumi na mbili. Mwanafunzi atakayegeuza uso ili kuwaridhisha Wamagharibi atakuwa ameshika saa kichwa chini, na hilo litaonekana katika alama zake.

3. Ngeli ya Kwanza: Pandikizi la Hisani

Hili huwapata watu wema. Mwenye saa aliipeleka kusafishwa, tuseme mwaka 1985. Fundi akaona uso umechakaa, mishale imepauka, akahurumia. Akang'oa vya zamani, akaweka vipya kutoka kiwanda kilekile, akaandika risiti. Mteja akafurahi. Miaka arobaini baadaye mjukuu anataka kuuza, ananijia, na mimi ndiye ninayelazimika kumpa habari.

Pandikizi la Hisani ni halisi kabisa kwa chanzo na potofu kabisa kwa umri. Hapa ndipo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanguka, kwa maana wanauliza "ni orijino?" na jibu ni ndiyo. Swali sahihi ni "orijino ya lini?"

Chukua toleo linaloitwa 105.003, lile alilovaa Ed White alipotoka nje ya chombo cha Gemini 4 mwezi Juni 1965. Kasha lake lina ubavu ulionyooka, bila kingo za kukilinda kifundo. Usoni, chini ya SPEEDMASTER, hakuna neno jingine. Neno PROFESSIONAL lilianza na toleo lililofuata, 105.012, mwaka 1964 hivi, pamoja na kasha lililonenepa upande wa kifundo. Basi ukikuta ubavu ulionyooka na usoni PROFESSIONAL, uso huo ni mgeni. Umepandishwa cheo na fundi, si na historia.

Kisha tazama nembo. Katika uso wa miaka ya 1960 nembo ya Omega ni kipande kidogo cha chuma kilichobandikwa. Kipige mwanga kwa ubavu nacho kitatupa kivuli chembamba kuelekea kwenye maandishi. Kuanzia mwishoni mwa muongo huo nembo ilichapwa kwa rangi. Rangi haina kivuli. Watu hukodolea neno OMEGA wakihesabu herufi. Mtaalamu hatazami neno, hutazama kivuli chake.

Chini kabisa ya uso, penye saa kumi na mbili, kuna maandishi ambayo bila lensi utadhani ni vumbi: T SWISS MADE T. Hiyo T ni ya tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Uso wa mwaka 1967 usio na T umeletwa baadaye. Usikimbilie hukumu, lakini: uso wa mwaka 1958 nao hauna T, kwa kuwa tritiamu ilikuwa bado. Asiye na T ni babu au ni mjukuu. Kuwatofautisha ndiyo kazi inayotulipa mshahara, kama tungekuwa tunalipwa.

4. Ngeli ya Pili: Pandikizi la Ukoo

Hapa kipuri ni cha familia moja lakini cha tumbo jingine. Mfano wake mkuu ni pete ya alumini nyeusi inayozunguka kioo, yenye vipimo vya mwendo. Vua kofia.

Kwenye pete hiyo kuna tarakimu 90, na karibu na 90 kuna nukta. Katika pete zilizotengenezwa hadi mwaka 1970 hivi, nukta hiyo imekaa juu ya 90. Baada ya hapo imekaa kando yake. Ndiyo hivyo. Nimekupa muda wa kupumua.

Hali ya kwanza naiita unuktajuu, ya pili unuktakando. Pete yenye unuktajuu huuzwa peke yake, bila saa, kwa bei inayoweza kumnunulia kijana pikipiki ya bodaboda. Pete yenye unuktakando husaidia kusoma mwendo wa gari kwa usahihi uleule, na hilo limewapotosha wengi wakadhani zinalingana. Mtu mwenye Speedmaster ya mwaka 1966 iliyo na unuktakando anatembea mjini na saa isiyopatana na nafsi yake. Wapita njia hawajui. Mimi najua. Nimewahi kuliona jambo hilo nikiwa ng'ambo ya barabara na sikulala vizuri.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: nukta ikiwa juu lakini imeelemea kidogo kulia? Swali zuri. Hiyo naiita nukta iliyosinzia, nayo inaweza kuwa dalili ya pete ya bandia, kwani waigaji huwa wanajua nukta iko juu ila hawajui juu ni wapi.

Ndani ya kasha mambo ni mazito zaidi. Hadi mwaka 1968 Speedmaster iliendeshwa na mashine ya kalibre 321, inayotawala kronografu kwa gurudumu la nguzo. Kalibre 861 ikaipokea, yenye kipande bapa cha kusukumia badala ya gurudumu hilo: nafuu kutengeneza, imara, na haiwatoi machozi wakusanyaji. Ya kwanza hupiga mara 18,000 kwa saa, ya pili 21,600. Yaani sekunde moja ya 321 ina mapigo matano, ya 861 ina sita. Huna haja ya kufungua saa. Piga video ya mwendo wa polepole kwa simu, anzisha kronografu, hesabu mshale unaruka mara ngapi kutoka alama moja ya sekunde hadi inayofuata. (Nilisema uzime simu. Washa, hesabu, zima.) Ukipata sita ndani ya saa inayouzwa kama ya mwaka 1965, mwambie muuzaji kwa adabu kwamba kuna pigo moja la ziada na ungependa kujua linatoka wapi.

Ukiweza kufungua mgongo, soma vitu viwili: namba ya toleo iliyogongwa ndani ya kifuniko, na namba ya mfululizo iliyochongwa kwenye mashine. Moja inataja mwili, nyingine roho. Kama mwili ni wa 1964 na roho ni ya 1968, una wafu wawili na saa moja.

5. Ngeli ya Tatu: Pandikizi la Jirani

Fupi, kwa sababu ni nadra na inanichukiza. Kalibre 321 ilijengwa juu ya mashine ya Lemania, kampuni iliyokuwa kundi moja na Omega na Tissot. Ukoo huohuo wa mashine uliingia pia katika kronografu za Patek Philippe na Vacheron Constantin. Vivyo hivyo Valjoux 72 ilifanya kazi ndani ya Rolex, Heuer na wengineo. Kwa hiyo gurudumu linaweza kutoka nyumba ya tajiri likaenda kwa maskini au kinyume chake, na fundi asiwe na hatia yoyote ila ya kuwa na droo kubwa. Daraja za mashine zinazotaja jina la kampuni zisomwe zote, hata zilizojificha chini ya gurudumu la kutuliza mapigo. Tuendelee.

6. Ngeli ya Nne: Pandikizi la Rangi

Hili si kipande, ni unga. Juu ya mishale na alama za saa kulipakwa unga unaong'aa gizani, na unga huo ukichakaa, mtu huupaka upya. Wako wanaosema unga si kipuri. Hao ndio waliowauzia wenzao saa zilizopakwa.

Rangi ya unga mkongwe naipima kwa Mizania ya Chai, yenye daraja nne: maziwa matupu, maziwa yaliyoonja chai, chai ya maziwa, na chai ya rangi. Uso wa miaka ya 1960 ulioishi maisha ya kawaida huangukia daraja ya pili au ya tatu. Maziwa matupu maana yake umepakwa juzi. Chai ya rangi iliyokolea sawasawa kila alama, bila hata doa, maana yake umepakwa juzi na mtu aliyesoma makala kama hii.

Upatanisho wa mishale na uso hupimwa kwa mizania hiyohiyo. Tofauti ya nusu daraja nairuhusu, kwani mishale na uso vilipakwa mahali tofauti na vikazeeka kila kimoja kivyake. Tofauti ya daraja nzima naihoji. Mishale ya maziwa juu ya uso wa chai ya rangi siihoji, naondoka.

Sasa kipimo cha gizani, ambacho nataka ukifanye kwa mikono yako. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Iliyopakwa mwaka 1967 imebaki takriban asilimia 4, na ule unga wa zinki salfaidi uliokuwa ukiangazwa nayo umekwisha kuchoka kabla yake. Ingia chumbani, funga pazia, mulika uso kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno kwa sekunde chache, zima. Unga mkongwe utashtuka, utang'aa kidogo, na ndani ya muda mfupi utazimika. Ukibaki unawaka kijani hadi umeweza kusoma nao jina la benki yako, huo ni unga wa kisasa, na jina la benki ndilo utakalohitaji. Alama moja ikizima mapema na jirani yake ikachelewa, kuna iliyotiwa kiraka. Ziandike zote kumi na mbili, kwa mpangilio wa Wamacheo.

Onyo la kimaabara: nyuso za miaka ya 1950 zina radiamu, na radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Haiwaki tena, lakini bado ipo. Usikwangue kwa ukucha, usipulize vumbi, usifungue kasha mezani mnapolia chakula.

7. Ngeli ya Tano: Pandikizi la Heshima

Wasomaji wangu wa Muscat wataielewa upesi. Katika utawala wa Sultani Qaboos, aliyeshika madaraka mwaka 1970, zilitolewa kama zawadi saa za Rolex na za kampuni nyingine zenye nembo ya Oman, jambia na panga mbili, iliyochapwa usoni. Leo saa hizo huuzwa kwa bei ya juu mno kuliko ndugu zao wasio na jambia, na matokeo yake ni kwamba majambia yamezaliana. Katika ngeli hii hakuna kilichotolewa, kimeongezwa. Kagua kingo za jambia kwa lensi: uchapaji wa asili una ncha kali na wino uliotandaa sawa, wa kuongezwa mara nyingi umevimba pembeni na umepanda juu ya vumbi la zamani. Jambia lililokaa juu ya vumbi halikutolewa na sultani yeyote.

8. Vilivyosamehewa

Kioo cha Speedmaster ya kale ni cha plastiki, kinapasuka, kinabadilishwa, na sheria inaruhusu. Kile cha kiwandani kina nembo ndogo sana ya Omega katikati, ambayo huioni mpaka uitafute kwa lensi na kukata tamaa mara mbili. Kikikosa nembo, ni cha dukani. Punguza alama, usipige kelele. Kamani ikibadilishwa, vilevile. Mkanda wa ngozi usiutaje mbele yangu.

9. Nyongeza ya Kiisimu: Tamko la Muuzaji

Nimegundua kanuni inayoniletea sifa kiasi fulani: uaminifu wa muuzaji hupungua kadiri vivumishi vyake vinavyoongezeka. "Ni ya zamani" inastahili kusikilizwa. "Orijino" inastahili lensi. "Orijino kabisa, mzee wangu" inastahili tochi ya urujuanimno. "Orijino kabisa, mzee wangu, ilikuwa ya babu, ilikaa kabatini tangu afariki" inastahili wewe kuulizia nauli. Marehemu babu ametajwa katika biashara hii mara nyingi kuliko alivyotajwa katika hitima yake.

10. Ngeli ya Sita: Pandikizi Kamili

Tumefika kileleni. Pandikizi Kamili ni saa ambayo ndani yake hakuna mgeni, kwa sababu hakuna mwenyeji. Vipande vyote vimetoka kwingine.

Novemba 2021, mjini Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Speedmaster ya toleo la kwanza kabisa, CK2915-1, yenye uso uliogeuka kahawia kwa umri. Makadirio ya juu yalikuwa faranga 120,000 za Uswisi. Iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vilivyokusanywa kutoka saa nyingine, na ikawatuhumu watu waliokuwa wafanyakazi wake.

Wengine waliliona hilo kuwa jinai. Bila kuingilia kazi ya mahakimu, mimi naliona kuwa tasnifu. Tafakari kiwango cha upatanisho kilichohitajika: mishale ipatane na uso, uso na pete, pete na kasha, mpaka kiwanda kilichozaa vipande hivyo kikavifungulia mkoba. Katika sarufi yetu hii ni sentensi isiyo na kosa hata moja, iliyosemwa na mtu ambaye hayupo.

Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu kuiogopa saa isiyo na dosari. Saa iliyovaliwa miaka sitini ina kovu mahali fulani. Isipokuwa nalo, uliza nani kalificha.

Je, ipo kronografu ambayo hakuna mtaalamu awezaye kuthibitisha pandikizi ndani yake? Ipo moja. Julai 1969 Neil Armstrong aliiacha Speedmaster yake ndani ya chombo kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imeharibika, na Buzz Aldrin akashuka mwezini na ya kwake mkononi. Baadaye ya Aldrin ilipotea ikiwa njiani kupelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian na haijaonekana hadi leo. Kwa mujibu wa vigezo vyangu vyote, haina hitilafu.

11. Zoezi

(a) Umeletewa Speedmaster yenye kasha la 105.003, uso wenye neno PROFESSIONAL, pete yenye unuktakando na mashine ya 861. Ipange katika ngeli zake, kisha eleza ni nini hasa ulichonunua. (Alama 40)

(b) "Ilikuwa ya babu." Jadili. (Alama 30)

(c) Fundi anakuhakikishia kwamba saa yako inakwenda sawasawa na haipotezi hata dakika moja kwa siku. Onyesha kwa nini taarifa hiyo haina uhusiano wowote na somo. (Alama 30)

Majibu yaandikwe kwa wino mweusi. Atakayetumia kalamu ya kujaza wino aambatishe maelezo kuhusu nibu: kama ni ya asili au ilibadilishwa, nani aliibadilisha, na mwaka gani.